Hii Kahawia Tunahesabu?

Leo nimebishana na bosi wangu juu ya rangi ya kahawia, na bado niko na kazi.

Sisi ni madaktari wa maabara hapa Kisii. Tulikuwa tunapima uvimbe wa titi wa mgonjwa mmoja. Ukitia dawa ya rangi, seli zinazozaliana hugeuka kahawia, unazihesabu, unajua saratani inakua kwa kasi gani na kama kemo itahitajika.

Mimi nikapata chache. Yeye akapata nyingi.

Uvimbe ni ule ule jamani!

“Daktari, zile zilizopauka umezihesabu?” nikamuuliza.

“Lazima.”

“Mimi nimeziacha.”

Nikamwambia kwetu Nyamira hatungoji kikapu kijae ndio tubishane ni jani gani la chai linafaa na lipi litarudishwa. Tunakubaliana kabla ya kuchuma.

Akainua macho kutoka kwenye hadubini. (Hapo nikajua nimejimaliza.)

Kisha akasema, “Basi tukubaliane.”

Kahawia yoyote, hata hafifu, inahesabiwa. Kila mtu akarudia peke yake.

Majibu yakalingana!

Nikampigia Mama kujisifu. Akasikiliza hadi mwisho.

“Kwa hivyo nilikusomesha miaka yote hiyo, na bado unachuma chai?”

Ndiyo, Mama. Na leo hakuna jani hata moja lililorudishwa.