Macho ya Ercilia

Saturnino Ayala alikuwa mhasibu katika mji wa Cochabamba kwa miaka arobaini, na minne ya mwisho alikuwa haoni. Presha ya macho ilimla taratibu, mpaka tarakimu zikawa ukungu mtupu. Mkewe Ercilia, aliyeishia darasa la sita, ndiye aliyemsomea hesabu za wateja mstari kwa mstari, huku supu ya karanga ikitokota pembeni. Akimaliza, mzee hugonga muhuri na kutia sahihi chini ya maneno yaleyale: nimekagua mwenyewe. Hakuna aliyejua. Na hakuna hesabu iliyokwenda kombo, mniamini msiniamini.

Basi chama cha wahasibu kikaamua kumpa nishani ya uadilifu. Wee! Badala ya kufurahi, mzee akakosa raha, hata supu ikamshinda.

"Nakwenda baraza la nidhamu nikaseme," akamwambia mkewe.

"Ukaseme nini? Nimekosea hata namba moja?"

"Hata moja."

"Sasa?"

"Naandika nimekagua mwenyewe, Ercilia. Mimi ambaye hata uso wako siuoni tena."

"Watakunyang'anya leseni, mwanamume wewe! Halafu utabaki nani?"

Hapo alimgusa penyewe. Leseni ile mzee huipapasa mfukoni kila asubuhi kabla hajanywa chai. Lakini akaenda, na Ercilia akamshika mkono njia nzima, akinuna.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Wilma Cossío, mwanafunzi wake wa zamani wa uhasibu.

"Mwalimu, nani kakushtaki?"

"Mimi."

Wajumbe wakacheka. Alipowaeleza, kicheko kikawakauka.

"Na nani alikuwa anakusomea?" Wilma akauliza.

"Huyo simtaji ng'o."

Ercilia akasimama kule nyuma. "Nitaje tu, mzee wangu, usijitese. Ni mimi. Kama ni kosa, mniandike na mimi."

Wilma alitoka nje kufuta machozi, akarudi. Sheria ni msumeno. Nishani ikaondolewa, leseni ikafutwa. Ercilia hakuguswa, kwa kuwa hakuwa mhasibu.

Karani akaleta karatasi ya uamuzi. "Tia sahihi hapa tu, Mwalimu."

"Sitii sahihi nisichokijua," mzee akasema. Karani akajitolea kumsomea, mzee akakataa, akamnyooshea mkewe karatasi.

Ercilia akasoma tarehe, majina ya wajumbe, kosa lenyewe. Alipofika kwenye adhabu, akainua macho akamtazama Wilma. Wilma akampungia mkono: ruka tu, mama, inatosha. Nani angejua?

"Mbona umenyamaza?" Saturnino akauliza kwa upole.

"Saturnino Ayala," Ercilia akasoma, machozi yakimdondoka, "amefutwa katika orodha ya wahasibu, na haruhusiwi kutia sahihi hesabu za mtu yeyote, maisha yake yote."

"Ndiyo mwisho?"

"Ndiyo mwisho."

"Ahsante, mke wangu," akasema, akainama, akatia sahihi.