Nilivyojificha Nyuma ya Sola

Aibu hii nilishaapa kuzikwa nayo, ila majirani zangu wa kijijini Buswahili wanaisimulia kwa chumvi nyingi mno, bora mnisikie mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile maduka yameanza kujaa tena baada ya dhiki. Mke wangu Nyangeta kifua kilikuwaga kinamsumbua, daktari wa zahanati akasema adui yake ni moshi wa kibatari, basi nikauza ndama, nikaenda Sirari mpakani, nikarudi na paneli ya sola ndani ya blanketi (forodhani sikupita, nilipita kwenye mahindi, msinitazame hivyo). Tangu tuwashe ile taa Nyangeta akawa analala bila kukohoa, na mimi nakaa macho nasikiliza tu anavyopumua. Nilifurahi jamani.

Asubuhi moja nikasikia afisa wa ushuru yuko kwa mwenyekiti wa kijiji, anapita nyumba kwa nyumba, asiye na stakabadhi ananyang'anywa. Nikapanda batini, nikaishusha paneli. Sasa niifiche wapi? Mama mkwe alikuwa amekuja kumuuguza binti yake, analala nyumba ndogo ya uani, na kwetu mwanaume hakanyagi anapolala mkwe wake, nikasema hata huyo afisa, kama ni mtu wa Mara, hatathubutu. Mkwe nilijua yuko jumuiya anasali. Nikasukuma mlango.

Alikuwemo, anabadilisha khanga.

Nikainua paneli nikajifunika uso nisimwone, yeye akapiga yowe, mimi narudi kinyumenyume hadi nje, nikamkanyaga mtu kiatu. Ni afisa mwenyewe, na mwenyekiti, na majirani waliokimbilia yowe wakidhani kuna nyoka.

"Sola ndiyo hii," afisa akasema, kisha akautazama mlango. "Humo analala nani?"

"Mkwe wangu."

Akavua kofia. "Ndugu yangu, ushuru utalipa. Lakini hili la mkwe linataka mbuzi kwanza."

Watu walicheka, na Nyangeta naye akacheka mpaka akaanza kukohoa, hapo kicheko changu kikaisha. Mbuzi nilikuwa naye mmoja tu. Akienda kwa mkwe, cha kulipia ushuru sina, na afisa ameshaiweka paneli kwapani. Machozi yalinitoka mbele za watu, sifichi.

Ndipo sauti ikatoka ndani, "Mwenyekiti! Mwambieni mkwe wangu mbuzi nimempokea. Sasa ni wangu, na mimi namuuza. Bwana ushuru achukue chake, atuachie taa. Mtoto wangu analalaga vizuri siku hizi."

Mwenyekiti akamnunua mbuzi palepale, afisa akaandika stakabadhi, paneli ikarudi batini.

Kwa kuwa sisi na wakwe hatuongei uso kwa uso, nikamtuma Nyangeta akamwambie mama yake ahsante. Akarudi anacheka. "Anasema kama unamshukuru kweli, siku nyingine ubishe hodi."

Tangu hapo kitu cha mpakani nakilipia mpakani, na mlango wowote ule, hata wa banda la kuku, napiga hodi.