Mabuti Yaliyonyimwa Jua

Subira yangu ilikatika siku ya hitima ya mama mkwe wangu, nyumbani kwake hapa Mtongwe. Wanaume walikuwa wameketi juu ya mikeka chini ya turubai, kila mmoja na juzuu yake ya Kurani, na sisi wanawake tulikuwa ndani. Mimi nilisimama dirishani, binti yangu mgongoni, nikimtazama mume wangu. Alikuwa amechelewa, amefika moja kwa moja kutoka kazini, kwa sababu walimpa ruhusa siku ya maziko peke yake. Suruali ilikuwa imelowa hadi magotini. Alivua mabuti pale watu walipovua ndara zao, akakaa mkekani, akapewa juzuu, akaanza kumsomea mamake.

Hata nusu hakufika. Ami yake alisimama, akachukua mti wa ufagio, akayainua yale mabuti moja moja na kuyapeleka nyuma ya choo, uso kaugeuza pembeni.

"Nani huyu katuletea mzoga hitimani?"

"Ni yangu, ami," mume wangu akasema.

"Yako? Hebu itazame vizuri hiyo miguu, mwanangu. Isije ikawa imetangulia na mamako."

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Ni kile kicheko cha matangani, cha watu waliochoka kulia. Mume wangu hakucheka. Aliifunga juzuu, akaibusu, akampa aliyekuwa karibu naye, akaenda nyuma ya choo, akavaa mabuti yake, akaondoka. Juzuu aliyokuwa akimsomea mama aliyemzaa ilimaliziwa na jirani.

Dada yake alikuwa nyuma yangu, ameona yote. "Wifi, na wewe? Hata viatu vya mumeo huwezi kuvifua?"

Nilimkaza mtoto mgongoni. Ningefungua kinywa ningetukana, na Kurani ilikuwa ikisomwa.

Mume wangu ni mwongozaji. Kampuni anayoifanyia kazi, ambayo ofisi yake iko hapa hapa Likoni, huwatembeza wageni kwa miguu msituni na vilimani, upande wa Kwale. Mabuti ni ya kampuni, mazito, ya ngozi, ya kupandia milima, yanapanda hadi juu ya kifundo. Miezi mingi harufu ilikuwa ikija nyumbani bila ya mabuti yenyewe. Ilikuja na soksi, na miguu. Nilifua soksi kwa ndimu, nikafua kwa magadi, nikafua kwa siki. Nyayo zake zilikuwa nyeupe, zimejikunja kama za mtu aliyekaa majini kutwa, na katikati ya vidole ngozi ilikuwa ikibanduka. Dawa ya kupaka alipaka, ikapoza siku chache, akarudi kazini, ikawa kama hakupaka kitu. Akaanza kuswali nyumbani. Nikimwuliza mbona haendi msikitini, husema amechoka. Uongo mtupu. Alikuwa anaogopa kuvua viatu mlangoni.

Nilipotoka hitimani nilimkuta ameketi kwenye kizingiti chetu, nje, mabuti miguuni. Hataki kuingia nayo na hataki kuyavua.

"Leo mbona umekuja nayo?"

"Mvua ilituchelewesha. Mwenye ufunguo wa stoo alikuwa keshaondoka. Ndara zangu zimo ndani."

"Na siku zote mabuti hulala wapi?"

Akanieleza, pole pole, kama mtu anayesimulia jambo la kawaida kabisa. Safari ikiisha, kila mwongozaji huvua mabuti, huyatia kwenye gunia la nailoni lenye nambari yake, gunia hufungwa mdomo, na magunia yote hufungiwa stooni, ndani ya kontena la bati, mpaka safari nyingine. Zamani kuna mtu alitoweka na jozi moja, ndicho kisa.

"Hata yakiwa yamelowa?"

"Vyovyote yatakavyokuwa."

Nilikaa kitako hapo hapo mchangani. Sisi huku tunaanika papa, tunaanika muhogo, tunaanika hata godoro la mtoto aliyekojoa, na kufikia alasiri kila kitu kimekauka. Jua tunalo mpaka linatukera. Na mabuti ya watu wazima wenye wake na watoto yanafungwa mdomo, yanatiwa gizani na maji yake!

"Vua," nikamwambia.

Hapo nikafanya kosa. Nilifanya lile ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angefanya: niliwasha makaa kwenye chetezo, nikatia udi, ule mzuri niliouweka wa Idi, nikayafunika mabuti juu yake kwa kikapu tunachofukizia nguo. Nilipofunua, harufu haikutoka. Ilikuwa imevaa udi. Wallahi, ilinikumbusha chumba tulichomwoshea mama mkwe, nikatoka nje mbio. Na ukingo wa soli ya buti la kushoto ulikuwa umelainika kwa moto, umejikunja.

Basi nikaacha manukato, nikashika maji. Nilitoa kamba, nikatoa ile soli ya ndani inayobanduka, na chini yake kulikuwa na utando mweusi unaoteleza. Nilisugua kwa brashi na sabuni, nikasuuza kwa maji ya siki, nikajaza magazeti ndani yanywe maji, yakilowa nabadilisha. Soli za ndani nilizianika juani. Mabuti yenyewe niliyaweka ukutani, kivulini penye upepo, ndimi zimevutwa nje, kwa maana ngozi ikipigwa na jua kali ikiwa majimaji hupasuka. Mwisho nikayatoa juani kidogo, asubuhi, jua likiwa bado pole.

Siku iliyofuata jioni nilitia pua ndani. Harufu ya ngozi, basi. Binti yangu akatia mguu wake mdogo katika buti moja, akajikokota nalo uani akicheka. Mume wangu alilichukua buti, akalinusa, akanusa tena, akakaa nalo mapajani.

Akayarudisha. Alilolipata ni kugombezwa mbele ya wenzake, nani kamruhusu kulala na mali ya kampuni. Safari iliyofuata walivuka kijito, na mabuti yakarudi guniani yakitiririka maji. Baada ya safari chache soksi zikaanza tena.

Wifi alipokuja kutuambia arobaini itakuwa siku gani, mume wangu alisema, "Nyinyi someni. Mimi nitakaa barabarani, nitaitikia dua huko huko."

Kesho yake asubuhi nilimbeba mtoto nikaenda ofisini. Msichana wa mapokezi akachangamka. "Karibu dada, mwataka safari?"

"Namtaka msimamizi." Nikamtajia mume wangu, akaingia ndani kumwita.

Msimamizi alitoka na buti la kushoto mkononi, kama mtu aliyekuwa akinisubiri. Akanionyesha ule ukingo. "Mama, ni wewe uliunguza hii?"

"Ni mimi."

"Si unaona sasa? Ndiyo maana hazitoki hapa."

"Linuse."

"Nini?"

"Umelishika, linuse."

Hakulinusa. Alilishika mbali na shati lake. Akasema kama nina malalamiko, utaratibu ni maandishi. Nikamwambia anipe karatasi. Nadhani alitaraji nitaenda nikaandikiwe. Niliandika pale pale kaunta, mtoto akinivuta buibui, na sikuondoka mpaka nakala yangu ilipopigwa muhuri. Niliandika hivi:

KUH: MABUTI YA WAONGOZAJI KUFUNGIWA YAKIWA YAMELOWA

Mimi ni mke wa mmoja wa waongozaji wenu. Nalalamika rasmi kwamba mabuti wanayovaa hufungwa ndani ya nailoni yakiwa na maji na kuwekwa kontenani hadi safari nyingine, na kwamba miguu ya mume wangu imeugua kwa sababu hiyo. Niliyafua na kuyakausha mara moja na harufu ikaisha. Nyinyi ndio mlioyapokea, mnajua. Ukingo wa soli ya kushoto niliuharibu mimi kwa makaa, yeye hakuhusika. Naomba mabuti yaruhusiwe kulala majumbani kwa waongozaji, au yaanikwe katika ua wenu, ambao una jua kutwa. Naomba jibu kwa maandishi kabla ya arobaini ya mama wa mume wangu. Siku hiyo atavua viatu mbele ya watu, na ninataka aimalize juzuu yake.