Milango Arobaini na Mmoja ya Lorna

Saa kumi na mbili asubuhi, Lorna Vandersteen anapaka gundi kwenye ukingo wa mlango wa jokofu, anakandamiza mpira wa kuzuia hewa, kisha anapitisha kidole gumba kukagua. Mlango huu ameukagua mara tatu.

Kiwanda hiki cha Manitowoc, Wisconsin, kina wafanyakazi elfu tatu na hakuna msimamizi hata mmoja. Watu wamegawanywa katika vikundi vya wanane. Kila kikundi kinajipangia zamu, kinaagiza gundi yake, na kinaajiri au kumwachisha mtu kazi kwa kunyoosha mikono. Oda ikibadilika asubuhi, mchana milango ya aina mpya inatoka. Lorna, 49, anayelipwa dola 24 kwa saa, alikuwa akijivunia mtindo huo.

"Hapa huna bosi wa kumsengenya," anasema. "Una wenzako tu."

Machi, wateja walirudisha milango 41. Mpira ulikuwa unabanduka. Kikundi kikakaa kikao, na macho yote yakamwendea Merle Hautala, 63, ambaye vidole vyake vimeanza kukakamaa. Merle ndiye aliyemfundisha Lorna kazi miaka kumi na mmoja iliyopita.

Milango ile ilikuwa ya Lorna. Wiki hiyo alifanya kazi mbiombio ili awahi mechi za binti yake, hakusubiri gundi ishike. Alilijua hilo akiwa amekaa palepale kikaoni, na bado alinyoosha mkono Merle aondoke.

"Sita walikuwa wamekwisha kunyoosha mikono," anasema, uso ameuinamisha. "Nikajiambia wangu haubadilishi kitu. Naona aibu hata kujitazama kwenye kioo."

Tangu hapo, akimwona Merle dukani huacha kikapu chake na kutoka mbio.

Leo amechoka kujificha. Kwenye kikao cha asubuhi anasimama na kusema yote.

"Acha utani, Lorna," anasema Curtis Boelter, mwenzake wa meza ya pili.

"Si utani."

"Miezi saba, dada! Miezi saba unakunywa kahawa na sisi, unatutazama tu!"

Curtis anampigia Merle simu, anaweka sauti juu wote wasikie, na kumweleza.

"Nilijua," anasema Merle. "Niliona picha za ile milango. Mpira umekunjwa kwenye kona vile nilivyomfundisha Lorna. Hakuna mwingine hapo anayekunja hivyo."

"Sasa mbona ulinyamaza?" Lorna anauliza.

"Nilikuwa nangoja useme wewe, mama."

Lorna anajifunika uso kwa glavu zenye gundi na kulia mbele ya wote.

Ijumaa kikundi kitaamua kama Merle arudi, na kama Lorna abaki. Yeye haombi huruma. Anachotaka ni suala la Merle liamuliwe kwanza.

"Jumapili nakwenda kwake," anasema. "Kwenye simu sikuweza hata kusema samahani. Akinifukuza, sawa. Nitarudi Jumapili nyingine."