Fangasi Ndani ya Matimba

Timba la mpaina likielemewa hulia. Kila mchimbaji wa huku kwetu analijua hilo. Matimba ni magogo tunayosimamisha ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, ili udongo usiporomoke ukatufunga. Zamani tulikata miti ya porini, ikakatazwa, tukahamia mipaina ya kupandwa. Wenzangu walinung'unika. Mimi niliipenda, kwa sababu mpaina una mdomo. Ukizidiwa unatoa sauti kama bawaba yenye kutu, kra, kra, na wewe unapata nafasi ya kukimbilia kamba. Ndiyo maana wa kwanza kushuka asubuhi hawaanzi na nyundo. Wanachuchumaa, hakuna kukohoa, wanasikiliza. Wakiridhika ndipo wanaita wengine.

Siku ile wa kwanza tulikuwa mimi na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Tukachuchumaa. Shemeji hakuwa mtu wa kukaa bila kunichokoza. Akaninong'oneza, "Hiyo inayolia ni timba au ni tumbo lako?" Nikamwambia anyamaze. Matimba kimya kabisa. Akainuka akapiga nyundo ya kwanza. Ya pili hakupiga.

Sijui nieleze vipi. Timba lilikatika kama muhogo mkavu, tap, likafuata la juu yake, halafu yote. Mimi nilibanwa kuanzia kiunoni. Yeye sikumwona tena mpaka walipomtoa, na nilichokiona sikiandiki. Nimeshuka maduara tangu nilipoacha shule darasa la nne, nimeona yakifunga. Timba la kukatika bila kuaga sikuwahi kuliona.

Nyonga yangu ilivunjika. Nikiwa bado hospitali, maneno yakanitangulia nyumbani, na aliyeyaanzisha ni mwenye duara. Nasema ni yeye kwa sababu wenzangu walimsikia kwa masikio yao. Alisema, "Waingie wawili atoke mmoja, tena shemeji ndiye abaki? Muulizeni huyo aliyetoka, kwa mganga alipeleka nini." Mtu wa nje atacheka. Kwetu hiyo ni hukumu. Maana yake nilimtoa kafara ndugu wa mke wangu ili nipate dhahabu. Wakwe zangu ni watu wa parokia, wa rozari kila jioni, wanaishi nje kidogo ya Ushirombo. Wakaamini. Mke wangu alikuja hospitali mara moja tu, akasimama mlangoni.

"Baba watoto," alisema, "kama ni kweli niambie, nijue namna ya kukuchukia."

Nilipotoka sikumkuta nyumbani. Alikuwa amerudi kwao na watoto.

Nilipoweza kutembea na gongo nilikwenda machimboni kuchukua nguo zangu. Mama anayetuuzia chakula alikuwa anapasua kuni kando ya duara letu. Zilikuwa vipande vya yale matimba yaliyotolewa wakati wa kutufukua.

"Miti yenu hii hata maharage haiivishi," akaniambia. "Myepesi kama boga kavu, na ndani ina bluu."

"Bluu gani, mayu?"

Akanirushia kipande. Nje kilikuwa cheusi, kimepakwa oili chafu ya magari, kama watu wanavyopaka kuzuia mchwa. Ndani kilikuwa na michirizi ya bluu, kama shati jeupe lililofuliwa pamoja na kaniki. Nikabonyeza kwa kucha, kucha ikazama. Nilikaa pale pale kwenye jivu la mama wa watu.

Kipande kile nikakipeleka ukweni. Baba mkwe alinitazama kama mtu aliyeletewa mfupa wa kaburini.

"Lililomuua mwanao ni hili," nikamwambia. "Liliingia duarani likiwa limeshaoza."

"Mganga wako ndiye aliyekufundisha kusema hivyo?"

Aliyekichukua ni mke wangu. Akakishika huku na huku, kikavunjika mikononi mwake bila kutumia nguvu. Akatazama ndani ya ule mvunjiko. Kisha akasema, "Nipeleke ilikokatwa miti hii."

Ilikatwa kwenye shamba la mwenye duara huyo huyo. Ana duara na ana mipaina. Tukaenda kwa bodaboda. Shamba lile nililijua likiwa kijani, unapita barabarani macho yanapoa. Sasa vilele vilikuwa vyekundu, safu kwa safu. Machipukizi yamejikunja kama vidole vya mtu aliyeungua, utomvu umechuruzika kwenye magome mpaka chini. Nilijua nakwenda kuona miti mibovu. Sikujua nakwenda kuona shamba zima limekufa limesimama.

Mlinzi alidhani tunataka kuni.

"Ni mvua ya mawe, shemeji," alimwambia mke wangu. "Iliichubua, halafu ugonjwa ukaingilia kwenye vidonda. Bwana miti alikuja akasema ni fangasi. Nikamwambia fangasi mimi naijua ya vidoleni, hii mipaina imevaa viatu vya nani? Akacheka. Lakini alisema iliyokufa ikatwe ikachome tofali, isibebeshwe mzigo, maana inaoza ndani huku nje unaiona mizima."

"Alimwambia nani?" mke wangu akauliza.

"Mzee mwenyewe, mwenye shamba. Alisimama hapo ulipo wewe."

"Mzee akajibuje?"

"Akasema wa mbao wameikataa, bwana miti naye anaikataa, basi ataipeleka kwa wasioikataa. Tukaipaka oili, lori likabeba kwenda machimboni." Nadhani hapo ndipo alipoliona gongo langu. "Kwani nyie ni akina nani?"

Mke wangu alikaa chini kwenye yale majani makavu, kanga ikamteleza kichwani, hakuirudisha.

Fangasi simlaumu, fangasi hana macho. Namlaumu mwenye duara aliyeambiwa akasikia. Namlaumu msimamizi wake aliyepokea magogo mepesi kama maboya akatuambia tuyasimamishe. Na bwana miti, aliyesema ukweli shambani akapanda pikipiki yake akaenda zake, kana kwamba hajui huku kwetu miti inakwenda wapi.

Mke wangu alimweleza baba yake neno kwa neno. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Tumekula ng'ombe wake." Ndipo nikajua kwamba siku ya mazishi mwenye duara alileta dume la kuchinja, akala na wafiwa, amekaa bega kwa bega na baba mkwe.

Mzee akaenda zizini akatoa dume lake kubwa. Sijawahi kuona mtu akirudisha ng'ombe wa msiba. Alimswaga mwenyewe mpaka kwa mwenye duara, sisi nyuma yake, akamfunga kwenye geti. Mwenye duara akatoka anatabasamu.

"Karibu, mzee mwenzangu. Huyu wa nini tena?"

"Wako. Yule tulimla bila kujua."

Tabasamu likaisha. Akamtazama mke wangu, akanitazama mimi.

"Nani amewaambia?"

Hakuuliza tumeambiwa nini. Baba mkwe akageuka, akamwambia binti yake akafungashe nguo za watoto, arudi kwa mumewe.

Duara lile linachimbwa mpaka leo. Sijui wanasimamisha matimba ya wapi.