Samaki wa Karani

Jirani yangu, karani wa mahakama, ana vidole visivyotulia. Akizungumza nawe, vinagongagonga meza taratibu, kama anavyogonga kioo kuwaita samaki wake wa mapambo. Mkopo wa operesheni ya mkewe ulimkaba, na matangi matatu ya kioo pale sebuleni ndiyo pekee yaliyoweza kuuzika. Mwezi mzima ilikuwa leo anauza, kesho hauzi. "Niuze, jirani?" angeniuliza, na kabla sijajibu, "Hapana, ngoja kwanza."

Jumamosi mnunuzi alifika na kulipa, nami nikiwatazama kupitia dirisha lao lililo wazi. Alipoinama kuwachota samaki, karani alimshika mkono. "Tuliongea matangi tu," alisema kwa sauti ya chini. Mnunuzi alinung'unika, akarudishiwa sehemu ya pesa, akabeba matangi. Nilipoingia, samaki walikuwa wakiogelea kwenye mabeseni, sufuria na ndoo ya kudekia. Mkewe alisimama mlangoni na furushi la nguo chafu. "Baba watoto, sasa tutafulia wapi?" Karani alinigeukia mimi. "Jirani, hivi nimeuza au sijauza?" Mkewe aliweka nguo chini, akachukua kopo la chakula cha samaki, akaanza kuwagawia, beseni baada ya beseni.