Siku Niliyoambiwa Nimnuse Mama

Juzi nilimsindikiza mwenzangu wa kazini hospitali, daktari akamchorea ini kwenye karatasi. Kichocho cha mtoni kimeziba njia ya damu, alisema, ndiyo maana tumbo limevimba na anatapika damu, kwa hivyo watampasua waitengenezee njia nyingine. Nilitoka nje kwa hasira, nikimkumbuka Mama.

Mama alikulia Kitui, akioga mtoni. Mchana mmoja nilipokuwa mtoto, chumbani kwetu mtaani Kabiro, tumbo lake lilikuwa limevimba, akatapika damu kwenye karai, ikanuka kama msumari wenye kutu. Jirani yetu, Mama Ndunge, hakumpeleka hospitali. Aliinama akakagua uvunguni, akitafuta chupa ya chang'aa, pombe ya kienyeji. Akaikosa. Akaniita mimi.

“Wewe, nusa mdomo ya mamako. Si hiyo ni pombe?”

Nilikuwa sijawahi kunusa pombe. Nikasema ndiyo.

“Basi mwache alale, pombe iishe.”

Nikamwacha. Hakuamka tena.